TV ya inchi 32 ndani ya karavani ya mita 4: kisa chote, kuanzia vipimo mpaka kioo kupasuka

Kaka yangu anafanya kazi ya visima, yaani kikosi chake kinaenda kijijini kinapima maji, kinachimba, kinafunga pampu, kinahama, na kwa mwaka anaweza kulala nje ya Dodoma mjini miezi 7 au 8, mara Bahi, mara Chemba huko ndani, mara Manyoni. Zamani walikuwa wanalala kwenye mahema au wanaomba darasa kwenye shule ya kijiji wakati wa likizo. Baadaye akapata karavani ya zamani, kuna watu walimaliza mradi wao wakawa wanaiuza, ni trela ya ekseli moja inavutwa na Land Cruiser, ndani urefu ni mita 4 na upana kama mita 1.9. Nyuma kuna kitanda kimekaa kwa upana, mbele kuna viti vya kuzunguka meza, katikati upande mmoja jiko na upande wa pili mlango pamoja na kabati la nguo. Hapo ndo nyumbani kwao watu watatu.

Ilikuja na TV ya inchi 19 ya volti 12, imekaa kwenye kishubaka juu ya kabati la nguo, karibu kabisa na dari. Kwa mtu mmoja sawa. Kwa watatu waliochoka, mchezaji mwenye mpira humwoni, na shingo lazima uinue kama unaangalia ndege. Tena kaka anaitumia TV kwa kazi, jioni kamati ya maji ya kijiji ikija anachomeka laptop anawaonyesha mchoro wa upimaji, pale mwamba, pale kuna maji, kwanini tunachimba hapa na sio kule karibu na nyumba ya mwenyekiti, sasa wazee 6 mbele ya inchi 19 ni shida, wengine macho hayana nguvu, wanaishia kuitikia kwa heshima tu bila kuelewa. Mimi hili la kamati ndo lilinigusa, kwa sababu nimeona kijiji kikigombana mwaka mzima juu ya kisima kwa kuwa tu watu hawakuelewa mwanzoni.

Akaniambia, mdogo wangu nataka inchi 32, niwekee. Mimi ni fundi umeme, nafunga sola na TV majumbani hapa Dodoma, Nkuhungu, Kizota, Ihumwa, nimefunga nyingi tu ukutani. Nikaona kazi ya nusu siku. Hilo ndo lilikuwa kosa la kwanza, maana niliichukulia karavani kama nyumba ndogo.

Vipimo kwanza, maana watu wengi wanachanganya. Inchi zinazotajwa ni za kioo kutoka kona mpaka kona, sio upana. TV ya inchi 32 ya kisasa kioo chake ni kama sentimita 71 kwa upana na 40 kwa urefu, ukiongeza fremu inafika 72 au 73 kwa 43. Inchi 24 ni kama 55 kwa 33 na fremu yake. Kishubaka cha karavani kilikuwa na uwazi wa sentimita 50 kwa 36. Kwahiyo hata 24 isingeingia, achana na 32.

Wazo la kaka lilikuwa tukate kishubaka tukipanue. Nilikataa na mpaka leo nasema nilikataa vizuri. Kuta za karavani za aina ile ni nyepesi mno, nje bati la alumini, katikati foma, ndani plaiwudi ya milimita 3, na mabanzi machache ya mbao yanayoshikilia, unene wote ni sentimita 3 hivi. Kinachoifanya isimame imara ni makabati yenyewe, kila ubao unaotoka sakafuni kwenda darini unashikilia paa na kuzuia kuta zisiyumbe. Ukikata kabati ili upate nafasi ya TV umekata nguzo, na hautaona tatizo siku hiyo, utaliona miezi 6 baadaye paa likianza kuvuja kwenye maungio.

Juu ya dirisha la mbele pia hapana. Ile nafasi ni pana, ingekaa vizuri kabisa, ila kufunika dirisha la mbele kwa hali ya hewa ya huku mwezi wa 10 na wa 11 ni kuwatesa watu, ndani kunakuwa kama tanuri na ule upepo wa jioni ndo dawa pekee. Isitoshe jua la mchana lingekuwa linapiga mgongo wa TV kupitia kioo.

Ukabaki ubavu wa kabati la nguo, ule unaotazama viti. Upana wake sentimita 52, kutoka hapo mpaka kichwa cha aliyekaa kwenye kiti ni mita 1.7, umbali mzuri sana kwa inchi 32. Urefu nikaupima kwa kumkalisha kaka kwenye kiti, macho yake yako sentimita 115 kutoka sakafuni, kwahiyo katikati ya kioo nikataka paangukie 115 mpaka 120, wakati kile kishubaka cha zamani katikati yake ilikuwa 165. Jambo hili la urefu lifuateni hata majumbani kwenu. TV nyingi za bei ya kawaida ukiziangalia kutoka chini rangi zinafifia, weusi unakuwa kijivu, mtu anadhani amepigwa kumbe ameitundika juu mno.

Tatizo ni kwamba TV ina 72 na ubavu una 52. Sentimita 20 zinaning'inia kwenye njia, na njia yenyewe ina 70. Mtu akitoka kitandani usiku kwenda nje anapiga bega. Nikasema rahisi, naweka breketi ya mkono, ile inayokunjwa na kuvutwa, wakitaka kuangalia wanaivuta, wakimaliza wanaigeuza inalala kwa upande kwenye njia haisumbui mtu. Nikachukua breketi ya mkono, nikafunga kwenye ubavu kwa skrubu 4 na plagi zile za kupanuka kwa nyuma, nikaivuta kwa mkono, ikashika. Nikamwambia kaka, hii haitoki.

Wakaondoka alfajiri kwenda Chemba. Mpaka Makutupora na kuendelea ni lami tupu, hamna shida. Walipoacha lami ya Kondoa wakaingia njia ya kuelekea Kwamtoro, makorongo, matuta ya mchanga, yale mawimbi madogomadogo ya barabara ya vumbi yanayotetemesha gari mpaka meno, saa 3 nzima. Walipofika wakafungua mlango, TV iko sakafuni kwenye ngazi ya mlango, uso chini, na plaiwudi ya kabati imeng'oka kipande ukubwa wa sahani. Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona ya chini kushoto umetawanyika kama utando wa buibui. Kaka hakunipigia kulalamika, alinitumia picha tu bila neno, na hiyo iliniuma kuliko angenifokea. Nusu ya bei ya TV nililipa mimi, na ilikuwa haki.

Karavani iliporudi nilikaa ndani peke yangu mchana mzima nikiangalia lile tundu. Ukiingiza kidole unakuta nini? Plaiwudi milimita 3, uwazi wa kama sentimita 2, plaiwudi nyingine milimita 3 upande wa ndani ya kabati. Hewa. Zile plagi zangu zilikuwa zimeshika karatasi tu. Pembeni mwa tundu nyuzi za mbao zilikuwa zimelainika na kuwa nyeupe, maana yake haikung'oka kwa pigo moja, ilichezacheza kwanza, ikatanua mashimo polepole, halafu ndo ikaachia.

Nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla. TV ina kilo 4 hivi. Ukiiweka kwenye mkono uliovutwa sentimita 40 kutoka ukutani, na kibao cha breketi kina urefu wa sentimita 20, skrubu za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya kama kilo 8 hata trela ikiwa imesimama tuli, kwa sababu mkono unafanya kazi kama wenzo. Barabara mbaya inaweza kuzidisha hiyo nguvu mara mbili mara tatu kila gurudumu linapodondoka kwenye shimo, hapo unaongelea kilo 20 na zaidi, sio mara moja, maelfu ya mara kwa safari moja. Nyumbani breketi ile ile inakaa miaka 10 kwa sababu ukuta ni tofali na hauendi popote. Na wao walikuwa wameukunja mkono vizuri tu kama nilivyowaelekeza, ila mkono hauna loki, ulifunguka wenyewe njiani ukawa unapiga huku na huku.

Nikawaza mkono wenye loki, upo, unauzwa kwa ajili ya magari. Nikawaza kamba. Nikawaza kushusha iwe inchi 24. Mwisho nikagundua kwamba swali lenyewe nililiweka vibaya. Mimi nilikuwa natafuta sehemu ya kuweka TV, sehemu moja, kama sebuleni. Lakini kitu cha kwenye trela ni mzigo kwanza, kwa saa zote za barabarani ni mzigo kama sufuria na jembe, halafu saa 4 za jioni ndo kinageuka kuwa TV. Kwahiyo kinahitaji makazi mawili, pa kusafiria na pa kuangalia, na ukijaribu kuyafanya yawe sehemu moja yote mawili yanaharibika, mahali pazuri pa kuangalia ni hapo hapo kifuani kwa njia, mahali pazuri pa kusafiria ni pembeni, chini, kwenye kitu laini, mahali ambapo huoni chochote.

Nikaanza na pa kusafiria, sio pa kuangalia. Kitanda cha nyuma kilikuwa na sentimita 135 kutoka ukuta wa nyuma mpaka mgongo wa kabati la nguo. Nikamuuliza kaka, ukinipa sentimita 12 utalala? Akalala pale pale akajipima akasema nitalala. Seremala mmoja mzee wa Chang'ombe akatutengenezea mfuko wa mbao kati ya kitanda na mgongo wa kabati, upana wa ndani sentimita 12, urefu kwa kusimama 46, ndani tukabandika kapeti ile nene pande zote na chini tukaweka raba iliyokatwa kwenye tairi chakavu. TV inaingia wima, inateremka kwenye kapeti kama sahani kwenye kabati la vyombo. Wima, jamani, TV haisafirishwi imelala chali, kioo kikubwa kikilazwa kinajipinda kwa uzito wake mwenyewe kila gari linaporuka. Na kioo kinatazama upande wa kabati, mgongo upande wa godoro, ili mtu akikaa kitandani asikisukume kioo.

Godoro lenyewe la foma tulilikata kwa kisu cha mkate chenye meno, tulichora mstari kwa kalamu, tukakandamiza kwa ubao, tukakata polepole kama kwa msumeno, kitambaa tukampelekea fundi cherehani akashona upya. Mahali pale ni karibu na ekseli pia, na trela yenye ekseli moja inacheza kama pembea, katikati inatulia, ncha mbili ndo zinarushwa, kwahiyo kitu cha kuvunjika kikae karibu na magurudumu. Kilo 4 hazibadilishi mizani ya trela, ila ukiwa na mazoea ya kupanga hivyo hata mayai yanafika.

Halafu pa kuangalia. Ubavu ule ule wa kabati, lakini safari hii nikautafuta mfupa wake. Unagonga kwa kidole unasikia tofauti, pakavu na pazito, na mimi nilipitisha kisumaku kidogo, kikidaka pini zilizoshikilia plaiwudi ujue hapo nyuma kuna banzi. Kulikuwa na mabanzi mawili ya wima pembeni na moja la kulala katikati. Tukakata ubao wa plaiwudi ya milimita 12, upana 50 urefu 60, ukakaa kwa nje ukifunika tundu langu la aibu na kulala juu ya mabanzi yote matatu, na mwingine kama huo kwa ndani ya kabati, gundi ya mbao kati yake, bolti 6 za M6, yaani unene wa milimita 6, zikapita moja kwa moja kutoka nje mpaka ndani kwenye mabanzi, washa pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu, pande zote, na nati zile zenye nailoni ndani ambazo hazifunguki kwa mtetemo. Hamna skrubu inayobeba uzito hata moja. Ukiushika ubao ule ukajivuta nao karavani yote inayumba kabla yake.

Kama mtu anataka kufunga kwenye ukuta wa nje badala ya kabati, aangalie sana urefu wa skrubu. Ukuta una sentimita 3, skrubu ya kawaida ya breketi ni ndefu kuliko hapo, inatokeza nje kwenye alumini. Nimeona trela moja hapa mjini ina vichunusi vinne kwenye bati lake, na chini ya kila kimoja mstari wa maji umeshuka.

Breketi ya chuma niliiacha kabisa. Yule seremala akasema mnahangaika na nini, akachukua mbao mbili za mninga, akazichana upande mmoja kwa nyuzi 45, moja ikafungwa kwenye ubao wa ukutani ncha yake ikitazama juu, nyingine mgongoni kwa TV ncha ikitazama chini. Unaiinua TV, unaishusha, mbao zinakumbatiana, na kadiri TV inavyokuwa nzito ndo inavyojibana. Makabati ya jikoni mengi yananing'inizwa hivyo hivyo, mimi sikuwahi kufikiria TV. Kule chini tukaweka komeo dogo la shaba ili mtoto au mlevi asije akaisukuma kwenda juu ikatoka. Kuweka sekunde 10, kutoa sekunde 10.

Nyuma ya TV kuna mashimo manne ya mraba, hii yetu ni milimita 100 kwa 100, bolti za M4. Hapa kuna mtego. Ukishaweka ubao mgongoni bolti zilizokuja na TV zinakuwa fupi, unaenda dukani unanunua ndefu, na ukizidisha milimita chache bolti inaingia ndani inagusa saketi au inasukuma kioo kwa nyuma. Ingiza kijiti cha kiberiti kwenye tundu, weka alama kina, ongeza unene wa ubao, kata bolti kwa kipimo hicho. Ikianza kuwa ngumu kabla haijafika mwisho usilazimishe.

Sasa zile sentimita 20 zinazotokeza kwenye njia? Ziko pale pale, hatukuziondoa. Lakini zipo jioni tu, wakati watu wote wamekaa wanaangalia na hakuna anayepita, wakilala TV inarudi mfukoni. Kilichokuwa tatizo kubwa la mwanzo kiliisha bila kutatuliwa, kwa sababu TV haishindi pale. Kwa hiyo sikuhitaji mkono, sikuhitaji inchi 24.

Umeme nao una mambo yake. Juu ya paa kuna paneli ya wati 150 na chini betri ya 100Ah, yaani ampia-saa 100, ya asidi. TV ya zamani ilikula volti 12 moja kwa moja. Hii mpya inataka 220, kibandiko kimeandikwa wati 45, mimi nilipoipima kwa mita ikiwa kwenye mwanga wa kawaida ilikuwa inavuta kama wati 33. Kupitia inveta, kile kifaa cha kugeuza volti 12 za betri kuwa 220, unapoteza kidogo, ikawa kama ampia 3.2 kutoka kwenye betri, king'amuzi kikaongeza karibu ampia 1. Wakiangalia saa 4 ni kama Ah 17. Betri ya asidi ya 100Ah usiishushe chini ya nusu ukitaka ikae muda mrefu, kwahiyo una Ah 50 za kutumia, na taa na kuchaji simu zinaingia vizuri tu. Kwa jua la Dodoma, wakati wa kiangazi, paneli inarudisha hiyo yote kabla ya saa sita mchana.

Ila wiki ya kwanza wakalalamika betri asubuhi iko chini. TV hawakuwa na hatia. Inveta ilikuwa inaachwa imewaka usiku kucha bila kazi, na inveta isiyo na mzigo bado inakula, hii ilikuwa nusu ampia, kwa saa 10 ni Ah 5 bure, na wao walikuwa wanaanza kuiwasha saa 10 jioni. Nikaweka swichi kubwa karibu na taa ya mlangoni, ukizima taa unazima na inveta. Inveta nikaiweka sentimita 60 kutoka kwenye betri kwa waya mnene wa milimita 6 za mraba na fyuzi ya ampia 30 pale pale kwenye betri, waya mrefu wa kwenda kwenye TV ukawa wa 220. Kinyume chake, yaani inveta karibu na TV na waya mwembamba wa volti 12 mita 6 kutoka kwenye betri, ndo unakuta watu wanalalamika inveta inalia pii pii ikiwasha TV, volti inaishia njiani. Na chagua inveta ya wimbi safi, zile za bei rahisi zinafanya spika za TV zivume kama nyuki.

Kwa wenye TV ya adapta ya nje, angalia kibandiko cha adapta kabla hujanunua inveta. Kama kimeandikwa 12V unaweza kuilisha kwenye betri, lakini pitisha kwenye kifaa cha kutuliza volti, maana mchana paneli ikichaji betri inapanda mpaka 14.4 na TV nyingine hazivumilii. Kama ni 19V unahitaji cha kupandisha.

Dishi wanaliweka chini kwenye stendi ya miguu mitatu, na hapa walikuwa wanapoteza saa nzima kila kijiji. Wanatumia Azam, na satelaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, sisi huku tuko karibu nyuzi 36, kwahiyo dishi lazima litazame magharibi kuelekea kaskazini kidogo tu, na liinuke juu kiasi cha nyuzi 55 hivi. Nikamwambia kaka, ukifika kijijini kabla hujaegesha angalia jua linapozama, upande huo pasiwe na mti mkubwa karibu. Kule Bahi waliwahi kuegesha nyuma ya mbuyu, kivuli safi, mchana raha tupu, jioni hakuna picha, na mbuyu huwezi kuuomba usogee.

Vumbi ni adui wa mwisho. Vumbi la huku jekundu laini kama unga linaingia hata mlango ukifungwa, na matundu ya hewa nyuma ya TV yanalivuta. Fundi cherehani yule yule alishona kava la turubai jepesi lenye kitambaa laini ndani, TV inaingia kwenye kava halafu kwenye mfuko wa mbao. Na mwezi mara moja brashi laini ya kupakia rangi kwenye yale matundu, usipulize kwa kompresa ya gereji, ile ina maji.

Wamekwenda safari 5 tangu hapo, mbili zikiwa njia ile ile ya Kwamtoro. Baada ya ile ya kwanza nilienda mwenyewe kuipokea karavani ikifika mjini, sikuwa na amani. Nikavuta TV kutoka mfukoni, nikatoa kava, nikaiwasha, nzima. Halafu nikamulika tochi ndani ya mfuko. Kapeti lilikuwa na vumbi jekundu, na katikati ya vumbi ulikuwa umebaki mstari mmoja msafi, mnyoofu, upana wa fremu ya TV, pande zake hazikuwa na mkwaruzo wala kivuli cha kusogea. Bolti 6 nikazishika moja moja kwa spana, hakuna iliyokubali kugeuka.

Wiki iliyopita kaka amepiga simu, anataka inchi 40. Kioo tu ni sentimita 89 kwa 50, mfuko una urefu wa 46, na upande wa kabati lenyewe hauna pa kuishikilia. Nimemwambia kaka, sentimita nyingine za kitanda sina. Ameniambia ataongea na seremala.